Bibi Aliyenifundisha Kupumua

Baba yangu alizikwa bila mimi. Nilikuwa kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule chini kwenye uwanda wa Hanang, nikiendesha trekta, na habari ilinifikia kwa mdomo wa dereva wa lori la mbegu, siku ya pili baada ya kifo. Ilikuwa masika. Anayezijua barabara zetu za enzi zile hahitaji kuambiwa zaidi. Lori lililonibeba lilizama kwenye tope kabla ya Dongobesh. Tukalichimbua kwa majembe, likaenda hatua hamsini, likazama tena. Nikashuka, nikatembea. Nilipofika nyumbani Endagikot nilikuta kaburi limeshafukiwa, msalaba umesimikwa, na wanawake wanaosha sufuria za msiba.

Mama alinipokea mlangoni. Machozi yake yalikuwa yamekwisha kwa siku zile.

"Umefika," alisema. "Kula kwanza."

Nikala. Baadaye wakaja wazee wa kanisa, wenzake baba, wakanishika bega mmoja mmoja. "Wewe ndiye mkubwa," waliniambia. "Jikaze. Wadogo zako wanakutazama." Nikajikaza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilijikaza vizuri mno, hata nikasahau namna ya kujilegeza.

Baada ya wiki moja nilirudi kazini. Mavuno yalipokaribia nikapewa kombaini. Sijui niwaelezeje vijana wa leo kombaini ilikuwa kitu gani kwetu. Nyumbani milimani tulivuna ngano kwa mundu, tukaipura kwa fimbo, tukaipeta kwa ungo huku tukiuomba upepo. Kombaini ilifanya yote hayo huku inatembea. Dereva alikaa juu kama askofu kitini, na ngano mbele yake ilikuwa haina mwisho, manjano mpaka miguuni pa mlima Hanang. Nilipopewa ile mashine nilimwandikia mama barua ya kurasa mbili.

Siku ya tatu ya mavuno pumzi ikanikatikia. Nilikuwa katikati ya shamba, nimekaa vizuri, mashine inakula ngano, halafu ghafla hewa ikawa haishuki. Iliingia puani, ikafika hapa chini ya koo, ikagoma. Nikavuta tena, ikagoma. Nikazima injini.

Fundi alikuja mbio kutoka karakana na sanduku la vifaa. Alikagua mikanda, akakagua mafuta, akaingiza kichwa kwenye tumbo la mashine mpaka nikaona soli za viatu tu. Alipotoka alifunga sanduku lake.

"Mashine ni nzima," alisema. "Mgonjwa ni dereva."

Kwenye zahanati mganga alinipima kifua mbele na nyuma. Akasema mapafu yangu ni safi kama ya ndama, shida ni vumbi, nifunge kitambaa. Nikafunga kitambaa. Sasa nikawa sipumui na tena nimefunga kitambaa. Kila siku nilifanya kazi saa moja au mbili, halafu kifua kinafunga, namwachia mwenzangu usukani. Wenzangu hawakunicheka mbele yangu. Huo ulikuwa ubaya wenyewe, kwa sababu sisi tulichekana kwa kila kitu.

Aliyenifumbua macho ni mpishi wa kantini. Alikuwa mama wa makamo kutoka Katesh, Mwislamu, mtoto wa wafanyabiashara, mjane, mwenye kicheko kilichosikika mpaka karakana. Siku moja nilibakisha nusu ya ugali. Kwenye kantini yake hiyo ilikuwa kesi. Alikuja akakaa mbele yangu, mikono ina unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe kijana unahema kama mtu aliyebeba gunia. Gunia lenyewe liko wapi?"

Nikamwambia ni vumbi.

"Vumbi tunalo wote. Baba yako umemlilia?"

"Mimi ni mwanaume, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Akaanza kuyabandua magamba ya unga vidoleni. Kisha akaniambia kwamba mume wake alipofariki naye kifua kilimfunga hivyo hivyo, mwaka mzima, mpaka akawa hawezi kupuliza moto wa jiko. "Wakanipeleka kwa bibi mmoja wa Kibarabaig, upande wa Balangdalalu. Hachanji. Hapigi ramli. Hatoi dawa ya kunywa. Anapumulisha watu."

"Anafanya nini?"

"Anapumulisha."

Nikacheka. Nafikiri kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu masika.

"Cheka tu," alisema. "Huko ndiko utakakolia."

Niliogopa, nisiseme uongo. Nilikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, na kwetu neno mganga wa kienyeji lilisemwa kwa sauti ya chini. Nilimweleza hivyo. Akanijibu bila kukasirika: "Mimi naswali mara tano kwa siku na nilikwenda. Pumzi kaitoa Mungu. Bibi anakufundisha kuitumia tu."

Tukaenda Jumapili. Tulitembea zaidi ya saa moja kwa miguu, mpishi akiwa na kanga mbili na mfuko wa sukari, mimi nikiwa na shati langu la kanisani. Bibi tulimkuta zizini, ng'ombe wameshatoka kwenda malishoni, anafagia. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa sketi ya ngozi yenye shanga na vikuku vya shaba mkononi, karibu mpaka kiwiko. Nilimwamkia akaitikia, kisha akanizunguka mara moja kama mtu anayenunua dume.

Alizungumza Kibarabaig, na mpishi alitafsiri, maana alikulia akinunua maziwa kwao. Tafsiri yake ilinishangaza. Bibi alisema maneno mengi, akionyesha kifua changu, mbingu, kuku mmoja aliyekuwa anapita. Mpishi akageuka akasema, "Anasema pole."

"Hayo yote ni pole tu?"

Bibi mwenyewe akacheka. Kumbe Kiswahili alikuwa nacho, kidogo lakini cha kutosha. "Wewe pumzi yako iko juu," akaniambia, akigusa koo langu kwa kidole. "Kama kuku. Kuku anapumua juu kwa sababu anaogopa. Ng'ombe anapumua chini. Leo utakuwa ng'ombe."

Alitandika ngozi ya ng'ombe pale pale zizini, mahali palipokauka, akaniambia nilale chali, nivue viatu, nilegeze mkanda. Kabla ya kuanza alichukua maziwa kwenye kibuyu, akanyunyiza kidogo upande wa jua, akasema maneno ya taratibu. Nilimtazama mpishi. "Anawaambia wazee wake kwamba kuna mgeni," alisema. "Wasishtuke." Mimi nikasema Baba Yetu kimoyomoyo, ili pande zote ziwe na taarifa.

Kisha bibi akachukua ngozi nyingine, iliyokauka ikawa ngumu kama ubao, akaanza kuipiga kwa fimbo. Du, du, du, bila haraka. Akanionyesha: mdomo wazi, vuta mpaka tumbo linyanyuke, achia, usisukume, na usisimame katikati. Ikitoka, nyingine inaingia. Nikaanza.

Mara ya kwanza nililala usingizi. Niliamshwa na mbuzi mdogo aliyekuwa ananilamba sikio, na nikasikia mpishi anacheka hadi amejishika mbavu. Nilikuwa nimekoroma, walisema. Bibi hakuona kosa. "Amechoka," alisema. "Anza tena."

Mara ya pili fimbo iliharakisha. Nilivuta na kuachia, nikavuta na kuachia. Vidole vikaanza kuwasha kama nimeshika upupu, kisha vikajikunja vyenyewe, midomo ikafa ganzi. Nikataka kuinuka. Bibi akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, kizito na cha joto, na mkono mwingine haukuacha kupiga. "Iache ije," alisema. "Ni yako."

Ikaja. Haikuja kama ndoto, sikuona moshi wala mizimu. Nilimwona baba anapanda maharage. Basi. Alikuwa ameinama kwenye shamba letu la juu, suruali ameikunja, anatupa mbegu mbili mbili kwenye shimo, anafukia kwa kisigino, anapiga mluzi usio na wimbo. Alikuwa na tabia hiyo ya mluzi na sisi watoto tulikuwa tukimcheka. Nilikuwa sijaukumbuka tangu afe. Nilipousikia, kitu kikapasuka hapa kifuani, nikalia.

Sikulia kwa adabu. Nililia kama ndama aliyetengwa na mama yake, kwa sauti, mbele ya wanawake wawili na mbuzi, na shati la kanisani likaloa mpaka kola. Nilimwambia baba kwamba lori lilizama. Nilimwambia nilitembea. Nilirudia hilo mara nyingi, nilitembea, baba, nilitembea. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Fimbo ilipungua kidogo kidogo, ikawa kama mapigo ya moyo wa mtu aliyelala, na mimi nikagundua kwamba nimeshaacha kulia na ninacheka, kwa sababu ule mluzi ulikuwa mbaya kweli kweli.

Hewa ilikuwa inashuka mpaka kitovuni. Nililala hivyo hivyo, nikaihesabu kama mtoto anayehesabu ndege.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu watu wa nchi za mbali wamelala kwenye magodoro ndani ya ukumbi, wanahema, ngoma inapigwa na spika. Akaniambia ni tiba ya kisasa ya majonzi, watu wanasafiri kuifuata. Nilitazama mpaka mwisho. Walikuwa wanafanya vizuri, ila hawakuwa na mbuzi.

Siku ile zizini, nilipoinuka, bibi alinipa maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi, nikanywa kibuyu kizima. Nikamuuliza nimpe nini. Mpishi alikuwa ameniambia njiani kwamba fedha hapokei, anapokea sukari au tumbaku. Bibi aliitazama sukari, akaiweka kando. Kisha akauelekeza mkono wenye vikuku upande wa mashamba.

"Lile dude lako," alisema. "Nataka kulipanda."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Kila mwaka nasikia kelele yake. Kila mwaka naona vumbi. Nataka kupanda juu."

Nilirudi tena kwake Jumapili mbili zilizofuata, na kila mara nililia kidogo na kulala kidogo, na kila mara aliniuliza dude liko tayari lini. Kazini nilikuwa naendesha kutwa nzima. Kitambaa nilimpa fundi apangusie mafuta. Wenzangu walipoanza tena kunicheka, kwa namna ninavyokula, nilijua nimepona.

Kilichobaki kilikuwa msimamizi, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na hofu ya kila barua. Nilipomweleza kwamba kuna bibi anataka kupanda kombaini, alikataa kabla sijamaliza.

"Haiwezekani. Hii ni mali ya umma."

Mpishi alikuwa anampakulia wali na nyama. Mwiko ukasimama hewani. "Na bibi si umma?" aliuliza.

Msimamizi akautazama ule mwiko. Ulikuwa na nyama. "Dakika chache," alisema. "Na mimi sikuona."

Siku iliyopangwa, mchana, bibi alikuja na watu wengi, wajukuu, wajukuu wa jirani, na mbwa. Nilitaka kumsaidia ngazi, akanipiga mkono. Alipanda mwenyewe, sketi ya ngozi ikigonga vyuma, vikuku vikilia kwenye reli ya ngazi. Nilimwonyesha kiti changu, akakikataa. Alisimama kando yangu, ameshika reli kwa mikono miwili, na nilipowasha injini alipiga kelele moja kubwa, ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya woga au ya furaha. Wajukuu chini wakapiga vigelegele. Tukaenda polepole kwenye mabua yaliyokwisha kukatwa, mpishi akitembea kando yetu kama polisi wa msafara wa rais.

Bibi alicheka sana mwanzoni. Nyumba yake aliiona kwa mbali, akasema ni banda la kuku. Kisha akaanza kunionyesha vitu ambavyo mimi sikuviona. Pale kulikuwa na kisima cha mifugo. Pale zizi la mama mkwe wake, yule aliyemfundisha kupumulisha akina mama waliofiwa na watoto. Pale walipita kwenda kwenye majani marefu wakati wa kiangazi. Mimi niliona mabua tu, sawa sawa, mpaka upeo wa macho.

Katikati ya shamba kulikuwa na kichuguu kikubwa chenye majani, ambacho madereva hatukukikata. Tulikizunguka. Tulikiita kisiwa, na tulikilaani kwa sababu kilituharibia mstari. Bibi akanigusa bega.

"Simamisha hapa. Zima."

Nikazima. Kimya cha shamba baada ya injini ni kimya kizito.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Tulimzika hapa."

Nilikuwa nakula mshahara juu ya zizi lao, na nilikuwa nimemlaani mumewe misimu miwili kwa kuniharibia mstari. Nilivua kofia, basi. Yeye akafumba macho, akafungua mdomo, akaanza kuvuta pumzi mpaka tumbo, na kuachia, na kuvuta. Baada ya kidogo nilielewa kwamba kuna kitu kinakosekana. Nikachukua spana, nikaanza kugonga bati la mashine, taratibu, namna nilivyomsikia yeye akigonga. Hakufungua macho, ila aliniashiria kwa kichwa niharakishe kidogo.

Wajukuu walikaa chini. Hata mbwa alikaa. Bibi alilia akiwa amesimama, wima kama mlingoti, machozi yanateremka mpaka kwenye shanga, bila sauti. Mimi nikagonga mpaka mkono ukachoka nikabadilisha mkono. Alipomaliza alipangusa uso kwa kiganja, akakitazama kile kichuguu kutoka juu, akasema maneno ya Kibarabaig, akacheka kidogo.

"Amesema nini?" nilimuuliza mpishi kule chini.

"Anamwambia: siku zote ulinitazama kutoka juu kwa maneno yako makubwa. Leo mimi niko juu."

Safari hii tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno yenyewe, nikashuku kuna kitu ameongeza. Sikuuliza.

Jioni ile niliwaambia madereva wenzangu kisiwa ni nini. Mmoja alisema, "Ah." Tangu hapo tulikizunguka kwa mbali zaidi, tukaacha upana wa trekta mbili, na msimamizi alipouliza kwa nini, tulimwambia ardhi ya pale ina mawe.

Mavuno yalipokwisha nilipata likizo, nikapanda lori mpaka Mbulu na kutembea mpaka nyumbani. Nilimweleza mama kila kitu, maana sikuwahi kumficha kitu.

"Ulichanjwa?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Ulikunywa dawa?"

"Maziwa tu. Nilipumua."

Alifikiria. "Kupumua tu? Basi hata hapa ungepumua."

Lakini siku ya tatu, baada ya kumaliza kazi za asubuhi, alitandika ngozi ndani ya nyumba bila kusema neno, akalala chali na gauni lake la kazi. Nikachukua debe, nikaligeuza, nikaanza kupiga. Mama hakuwa mgonjwa rahisi. Alipumua mara tano akasema napiga kama mtu anayefukuza nyani. Akapumua tena akasema nitaharibu debe. Nikamwambia mama, mdomo ni wa kupumulia. Akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na ndani ya kile kicheko kilio kikaingia, kirefu, kilichokuwa kimebaki baada ya vile vilio vya msiba. Nilipiga debe mpaka akalala. Aliamka ng'ombe wanarudi.

Jirani yetu, mjane naye, alikuja kuuliza tunagombania nini.

"Tunapumua," mama alisema.

"Na mimi naweza?"

Nilipoondoka walikuwa watatu. Niliposikia tena habari zao, walikuwa saba, na wengine walikuwa wanatoka kijiji cha Daudi. Mchungaji alikwenda kuwachunguza, akakaa nyuma akiwa na Biblia magotini. Hakukuta cha kukemea. Aliuliza tu kama haiwezekani kufanya hivyo kwa wimbo wa kanisa. Mama akamjibu kwamba wimbo una maneno mengi, pumzi itaishia kwenye ubeti wa pili.

Msimu uliofuata nilimpelekea bibi habari hizo, mpishi akitafsiri. Alifurahi sana. Alinitajia mambo ya kumwagiza mama: wasifanye kwenye baridi, mwenye mimba asiguse, na mtu asilale pale akiwa ameshiba.

Nikaandika yote kwenye barua. Jibu la mama lilikuja baada ya mwezi mmoja, kwa mkono wa dereva wa lori, mistari michache tu kwa mwandiko wa mdogo wangu. Walikuwa wazima, mahindi yalikuwa mazuri, ng'ombe mwekundu alikuwa amezaa jike. Kuhusu lile la kushiba, mama alisema nimwambie bibi asante, ila maagizo yamechelewa. Mchungaji alikuwa ameshajaribu, baada ya sahani mbili za makande, na ngozi ilibidi ioshwe.